Mbeba Risasi Ndiye Staa: Vita vya Vizibo Ndani ya Delta

Kuna gemu za vita za mezani ambazo wazungu wako nazo siriasi kinoma. Unapanga askari wadogo wa plastiki, unapima umbali kwa tepu, unarusha dadu, dadu inaamua nani kapona na nani kadanja. Zinazonipa mzuka mimi ni zile za mambo ya mbele huko, bunduki za leza, maroboti, watu wamevaa vyuma mwili mzima wanapigana kwenye sayari ambazo hata jina hulitamki vizuri. Baba lao ni Warhammer 40,000, mzigo wa Uingereza uliotoka 1987. Noma ni bei. Boksi moja la askari kumi, mkwanja wake unalipia geto la chumba kimoja Mbagala mwezi mzima na ya msosi inabaki. Kwa hiyo sisi wa kitaa tumekausha, tunapigana kwa vizibo vya soda. Vyekundu jeshi moja, vya bluu jeshi lingine, dadu tumeazima kwenye ludo, tepu ya fundi cherehani, maisha yanasonga. Sheria nazo zipo za bure: Grimdark Future ya jamaa wa One Page Rules unaishusha kwa bando la jero, unaisoma usiku mmoja, kesho unaanza kuikarabati kwa akili zako.

Meza yetu ni delta ya Rufiji, upande wa Kibiti, mwaka 2914. Kama hujafika huko, panda gari la kusini pale Rangi Tatu. Kibiti ni kama kilomita 140 kutoka Dar, ila ukitaka delta yenyewe unashuka mapema, pale Bungu, unakata kushoto kwenda Nyamisati wanakopandia boti za Mafia. Ukisimama gatini unaona mikoko mpaka macho yanachoka. Zaidi ya hekta 50,000, na pwani yote ya Afrika Mashariki hakuna msitu wa mikoko uliokaa pamoja mkubwa kuliko huo. Ndani yake mto unagawanyika matawi kwa matawi, vijito vinaingia na kutoka, na bosi wa kila kitu ni maji kujaa na kupwa. Njia uliyopita asubuhi na mtumbwi, mchana ni tope la kiunoni. Sasa mchukue yule mwamba wa Warhammer mwenye chuma mwili mzima, mshushe hapo. Kwisha habari yake.

Mjomba wangu ni mvuvi wa kamba huko. Siku niliyomwonyesha meza yetu, boksi la friji lililofunguliwa na kupakwa rangi, mikoko ya vijiti vya mishikaki, dungu la kulindia mpunga tumeliunda kwa njiti za kiberiti, aliliangalia weee, halafu akaniuliza: "Mwanangu, vita vyenu vizuri, lakini mwezi leo una siku ngapi?" Nikabaki namtolea macho. Akaendelea, "Mnapigana kwenye bamvu au maji mafu? Maana jeshi hilo kwenye bamvu lote linaenda baharini." Sheria yetu kali kuliko zote imetoka kwenye swali hilo, na hakuna kitabu cha Uingereza kinacho.

Mtu atauliza, kwa nini 2914, mbali kote huko? Sababu moja ni meli, nitaifikia. Nyingine ni kwamba Kibiti siyo sehemu ya kuleta masihara na bunduki za leo. Waliokuwepo wanaikumbuka 2017. Viongozi wa vijiji na vitongoji wanauawa mmoja baada ya mwingine, Aprili askari polisi 8 wakauawa kwenye shambulio moja, watu wanafunga milango jua halijazama. Kuna familia mpaka leo hazijakaa sawa. Siwezi kukaa kijiweni nikarusha dadu kuamua nani kala risasi kwenye barabara ileile. Tukisogeza mambo miaka karibu 900 mbele, na leza zetu na maroboti, hata wazee wa kahawa wanasogea kutoa ushauri. Na wanashauri kweli, hasa wale mabingwa wa drafti. Midomo yao haina breki.

Mpinzani wangu ni mshikaji wa Nairobi, mtoto wa Eastlands, alikuja Dar kwa mishe za mitumba Kariakoo akanogewa na kijiwe chetu. Yeye anashusha Sheng, sisi tunashusha Kibongo, dadu haina lugha. Jeshi lake la kwanza lilikuwa watu kumi, na kila mtu kabeba silaha nzito. Huyu plazma, yule kombora, yule mashine ya mapipa sita, mpaka kamanda kabeba bomba la moto. Akajiachia kwenye kiti. "Manze, hii mbogi ni ya nguvu. Nani atapita hapa?"

Mzunguko wa tatu maji yakajaa. Kumi wote wamekwama kwenye tope wanaburuta vyuma, hakuna hata mmoja wa kukimbilia kisiwani kwenye alama. Vizibo vyangu vitano vyenye leza za kawaida tu vikazunguka nyuma ya mikandaa, vikakaa kisiwani, gemu ikaisha mchana kweupe.

"Buda," akasema, "nimeingizwa boksi."

Ugonjwa huo wa kila mtu kubeba silaha nzito tunao wote, tumeuokota banda la video. Yeye kaupata kwa filamu za kutafsiriwa za DJ Afro, sisi kwa kanda za Lufufu. Steringi anabeba mashine peke yake, mkanda wa risasi shingoni, anamwaga dakika nzima, na hakuna anayeuliza mkanda wa pili uko wapi na nani kaubeba. Lakini irudie Aliens ya 1986 ukiwa umetulia. Wale wanajeshi wa anga wanaoshuka pale, wanaobeba mashine kubwa ya kufungwa kiunoni ni wawili tu. Wengine wana bunduki za kawaida na wanatembea kwa mpangilio. Aliyeitunga alikuwa kasanuka kwamba kikosi ni mgawanyo wa kazi.

Gemu zenyewe zinalijua hilo kitambo. Kikosi cha kawaida cha Space Marine kwenye Warhammer ya miaka mingi kilikuwa watu 10: sajini, mmoja mwenye silaha maalumu kama bomba la moto au plazma, mmoja mwenye silaha nzito kama kombora, na saba wa bunduki za kawaida. Unaweza kukikata katikati, watano wanabaki na silaha nzito wanapiga, watano wanasogea. Imperial Guard, wale binadamu wa kawaida wasio na vyuma, silaha yao nzito inakaa na watu wawili kwenye kibao kimoja, na ukiwatazama unaona kabisa mmoja analenga na mwenzake kazi yake kulisha. Ila yenye heshima yangu kubwa ni Stargrunt II ya 1996. Mle kikosi kina dadu yake kulingana na uzoefu: wageni wanarusha ya pande 6, waliozoea ya pande 8, wakongwe ya 10, makomando ya 12. Halafu risasi zikizidi, kikosi kinalala chini. Hawajafa, wamelala tu, na mpaka kamanda awaamshe hawafanyi chochote cha maana. Ukishacheza hiyo, gemu ambayo kila risasi inaua unaiona ya kitoto.

Majeshi ya kweli ndiyo hivyohivyo. Waingereza wanakwenda watu 8, wanne wanne. Marine wa Marekani kwa miaka mingi walikuwa 13, kamanda na timu tatu za wanne, kila timu na mtu mmoja wa kumwaga risasi na wenzake wanamzunguka. Sitakaa sana hapo, hayo yako kila mahali. Mzigo wenyewe uko nyumbani.

Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na jeshi lao la koloni hapa, Schutztruppe, limekatwa kwenye kampuni zilizoitwa Feldkompanie. Kampuni moja ilikuwa na askari weusi kama 160 mpaka 200, Wajerumani chini kidogo ya 20, bunduki za mashine mbili, wakati mwingine zaidi, na wapagazi zaidi ya 200. Hebu irudie hiyo namba ya mwisho. Wabebaji walikuwa wengi kuliko wapiganaji. Kila kampuni ilitembea na msosi wake, dawa zake, risasi zake, haisubiri mtu, ndiyo maana iliwasumbua Waingereza miaka minne pamoja na kwamba walileta majeshi kutoka India, Afrika Kusini, Nigeria na kwingine, mbali na King's African Rifles wa hapahapa. Mwanzoni mwa 1917 vita vilikuja kupiga kambi Rufiji. Mvua zikashuka, mto ukafurika, pande zote mbili zikala njaa. Wanijeria waliopangwa huku upande wa Waingereza walipigika vibaya mno. Na aliyekufa zaidi kwenye vita ile ni mpagazi, kwa makumi ya maelfu, njaa na kuhara vikimmaliza kuliko risasi.

Kambi ya wapagazi wa Waingereza Dar ilikuwa Kariakoo, palepale mshikaji wangu anapopangia marobota yake. Nikamwambia ile sanamu ya Askari pale Posta iko na mtu mmoja, bunduki na singe, mbebaji hayupo. Akatabasamu. "Yetu Nairobi iko na msee wa mzigo, nimeipita nikienda tao kila siku. Hapo tumewabeat." Ni kweli, Kenyatta Avenue wamesimama watatu na mmoja ni mpagazi. Sikuwa na la kujibu.

Basi kikosi changu cha 2914 kina watu 8, nusu mbili. Nusu ya moto ina mpiga mchuma, yaani bunduki ya mashine, mlishaji wake, mpagazi na mlinzi mmoja. Nusu ya miguu ina kamanda mwenye mguu wa kuku na redio, wawili wa leza, mmoja wa bomu za kurusha. Imeisha. Mchuma ni mmoja tu. Mchuma bila mlishaji ni daladala bila konda, itatembea lakini haitajaza. Mlishaji akiwa hai na yuko karibu, mchuma unarusha dadu 4. Akidanja, unarusha 2. Ukiuhamisha mzunguko huo, hupigi kabisa. Mpagazi akiondoka mezani, mchuma unabaki na mizunguko miwili ya risasi, baada ya hapo ni chuma chakavu. Leza ya kawaida dadu 1, unapiga unatembea, unatembea unapiga, raha zako. Ukipata 5 au 6 adui yako kaondoka, ukipata 4 kalala. Nusu ya kikosi ikilala, kikosi chote kimelala mpaka kamanda apate 4 kwenda juu.

Mshikaji hakuelewa mpagazi. "Msee hana bunde, anado nini kwa vita?" Akataka kumbadilisha awe roboti la miguu minne. Hapo nilikomaa. Kwanza roboti la mzigo kwenye tope la Rufiji litazama mpaka antena, mtu akizidiwa anapanda mkoko anasubiri maji. Pili, ukimfanya roboti hutamjali, utampeleka mbele kama ngao, na gemu yote inapoteza maana. Kwenye vizibo vyetu mpagazi ni mtu, kaandikwa namba yake kwa maka peni.

Sasa ufundi, maana hapa ndipo geto linapogeuka karakana. Mchuma unaanza na peni iliyoisha. Unavuta kijiti cha wino, unakisafisha kwa spiriti, unakikata vipande vitatu vya sentimita moja na nusu kwa wembe. Unavibana pamoja, unavizungushia uzi wa nyavu mara tano sita, unaachia tone moja la supaglu katikati. Tone moja. Ikizidi inakimbilia kwenye matundu, mapipa yanaziba, una mchuma usio na mdomo. Kizibo unakigeuza chali, unajaza udongo wa mfinyanzi, unachomeka mchuma ukiwa umelala kidogo mbele, unaacha ukauke kivulini, juani udongo unapasuka.

Mlishaji anapata kizibo chake mwenyewe, na kati yake na mpiga tunapitisha kipande cha mkufu mwembamba uliokatika, wa bei chee wa Kariakoo, sentimita nne. Huo ndio mkanda wa risasi, na ndiyo sheria yenyewe. Huna haja ya kukumbuka umbali kati yao ni ngapi. Ukimsogeza mmoja na kumsahau mwenzake, mkufu unamvuta anaanguka. Mpagazi tunambandikia kipande cha boksi la kiberiti mgongoni. Kila mzunguko mchuma ukipiga, unachomoa njiti moja kwenye boksi lake. Njiti zikiisha, risasi zimeisha, na meza nzima inaona. Kuna madogo wanaunda vitu vikali kuliko hivyo, na Dar kuna vijana waliwahi kuunda hadi printa za 3D kwa mabaki ya vifaa vya elektroniki, kwa hiyo siku ya kuprinti jeshi zima la kitaa haiko mbali. Lakini mkufu wangu siubadilishi na printa yoyote.

Halafu maji. Meza tumeichora mistari sambamba: mkondo, tope, mikoko, nchi kavu yenye dungu na shamba la mpunga. Kila mizunguko miwili maji yanapanda mstari au yanashuka. Kiasi gani? Hapo ndipo tunapomtii mjomba: tunacheza na mwezi wa kweli. Mwezi ukiwa umeandama juzi au ukiwa mpevu, ni bamvu, maji yanapanda mistari mitatu na kinachokutwa chini kimekwenda. Katikati hapo ni maji mafu, mstari mmoja tu, mchuma unaweza kukaa sehemu moja muda mrefu. Maana yake kikosi kinachotisha wiki hii, wiki ijayo kinapigwa za uso, na mtu makini anaangalia kalenda kabla ya kuchagua silaha. Jamaa mmoja wa kijiweni hupanga siku za gemu zake maji mafu tu, anajifanya ana mishe siku nyingine. Tumemsoma. Kwenye mtumbwi unapiga kwa kupunguza moja kwenye dadu, na mshika pondo hahesabiwi kama mpiganaji, mikono yake ina kazi.

Kingine ambacho delta imetufundisha ni kuonekana. Askari wengi wa Schutztruppe vita vinaanza walikuwa bado na bunduki za modeli ya 1871, za baruti nyeusi. Ukipiga, wingu jeupe linasimama juu yako, adui hana haja ya kukutafuta. Plazma ya 2914 tumeipa mkosi huohuo. Inatoboa chochote, lakini ukipiga tunaweka kipande cha pamba juu ya kizibo chako, na mpaka mzunguko uishe kila anayekulenga anaongeza moja. Mshikaji alikuwa mtu wa plazma damu, akapunguza mwenyewe bila kuambiwa.

Na sasa ile meli. Tarehe 20 Septemba 1914, miaka elfu moja kabla ya vita vya meza yetu, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar, halafu ikarudi kujichimbia ndani ya delta. Meli kubwa za Waingereza zikabaki mdomoni huko, kuingia haziwezi, kina hakuna. Ikabidi zije mbili bapa, Severn na Mersey, ambazo mwanzo ziliundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, pamoja na ndege kutoka Mafia za kuangalia makombora yanaangukia wapi. Walikuwa wanapiga kitu wasichokiona, juu ya msitu. Tarehe 6 Julai 1915 walijaribu, haikulala. Tarehe 11 wakarudi, mtu wa juu anatuma taarifa, wa chini wanarekebisha, mpaka Wajerumani wenyewe wakailipua meli yao.

Kwetu hiyo imekuwa sheria ya droni. Silaha ya kupiga juu kwa juu unaruhusiwa kuwa nayo, lakini bila jicho hewani unarusha dadu 1 tu, na jicho hilo lina gharama: mtu mmoja wa nusu ya miguu anaweka leza chini, anashika rimoti, na hapigi mpaka gemu inaisha. Watu wanalia sana na sheria hii. Wanataka droni ya bure. Ndege za Mafia hazikuwa za bure, zilianguka, na wanaoziendesha walikuwa watu.

Kuna kipande cha stori hiyo ninachokipenda zaidi. Meli ikafa, mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 ikatolewa kwenye maji, ikapelekwa Dar kuwekewa magurudumu, ikaendelea kupigana nchi kavu. Iliendaje? Ilivutwa na watu, mamia ya watu kwa kamba. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, unaweza kwenda kuushika. Simama mbele yake uangalie unene wa lile bomba, halafu ufikirie njia ya kutoka Salale, kule ndani ya delta, mpaka barabara kuu kipindi hicho.

Kitu pekee tulichogombana kwa kumaindi kweli ni ngao. Kila gemu ya mambo ya anga ina ngao isiyoonekana, risasi zinagonga zinapotea. Mshikaji, baada ya kusikia stori za kwetu, akasema ngao ya jeshi la delta iitwe Maji. Wazo kali, sikatai. Kinjikitile Ngwale, yule wa dawa ya maji ya kuzuia risasi kwenye vita vya Maji Maji, alikuwa mtu wa Ngarambe, hukohuko Rufiji, na Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Watu wake walikuwa na magobore, mikuki na mishale. Mwisho wa mwezi huohuo, kule Mahenge, maelfu walilikimbilia boma lenye bunduki za mashine mbili. Mbili tu. Mimi nikaangalia mchuma wangu wa kijiti cha peni na dadu zake nne, nikasema hapana, ngao itaitwa ngao. Inazuia pigo la kwanza, ukipata 6 inazuia na la pili, basi. Mshikaji akauliza kama ni kwa sababu ya dini. Nikamwambia ni kwa sababu ya bibi yangu. Akakausha, mambo ya bibi hayana mjadala Eastlands wala Kibiti.

Kamanda naye asijione. Tarehe 4 Januari 1917, Beho Beho, upande wa juu wa Rufiji, Frederick Selous, mwindaji mwenye jina kubwa, nahodha wa Royal Fusiliers akiwa na miaka 65, alipigwa risasi ya kichwa vitani akafa. Pori la Akiba la Selous lilipewa jina lake. Kwa hiyo kwenye meza yetu kamanda anaweza kuinua kichwa na kuwapa wenzake dadu moja ya ziada, lakini akiinua, adui yeyote mwenye leza anaweza kumlenga yeye binafsi. Akianguka, uongozi unaenda kwa mtu uliyemtaja kabla gemu haijaanza. Hukumtaja? Kikosi kinalala mzunguko mzima. Asilimia kubwa ya madogo wanasahau kutaja.

Sasa hivi ubishi uko kwenye alama. Kukamata kisiwa ni alama 3. Kumaliza mchuma wa adui ni 2. Ukipoteza mpagazi wako mwenyewe, unakatwa 4. Siku nilipoitangaza hiyo, mshikaji alisimama kabisa. "Pointi nne juu ya msee wa mzigo? Wacha zako, buda!" Akabisha jioni nzima, akaenda, akarudi na kikosi kipya. Watu 8, mchuma mmoja, plazma hakuna. Wapagazi wawili, wamefichwa nyuma ya dungu, mlinzi pembeni yao. Akashinda. Kisha akadai wa tatu.

Nikamwambia wabebaji watatu kwenye watu 8 ni utani, kikosi kitakuwa hakina wa kupigana. Akachukua simu yangu, akafungua pale nilipoandika habari za Feldkompanie, kidole kwenye wapagazi zaidi ya 200, kingine kwenye askari 160. "Hii hesabu si ni yako?" Wazee wa drafti wakamshangilia. Nimemkubalia kwa kujaribu, ila Jumamosi hii mwezi ni mpevu, na mimi nimeshachagua upande wa nchi kavu.